Kitatange Mwenye Unyuzi Mgongoni: Dalili, Visababishi na Tiba, Tangini na Mwambani

Malalamiko kuhusu samaki huyu hayabadiliki sana, yawe yametoka Upanga, Nyali au Muscat. Hajala tangu aletwe. Anahema mbiombio. Ametoka madoadoa. Anakula vizuri lakini anazidi kukonda. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili hizo, na chini ya kila dalili kisababishi kinachotokea mara nyingi kimetangulia.

Samaki mwenyewe ni Chaetodon auriga, kitatange mweupe mwenye mistari ya kijivu ya mshazari inayokutana kama pembe, sehemu ya nyuma ya njano, utepe mweusi unaopita juu ya jicho na doa jeusi kwenye pezi la mgongo karibu na mkia. Akikomaa, pezi hilo hutoa unyuzi mrefu unaopepea nyuma yake. Wafugaji humwita auriga tu, nami nitamwita hivyo. Alielezwa kisayansi na mtaalamu wa viumbe Peter Forsskål, katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1775 baada ya yeye kufariki Yemen, kutokana na samaki wa Bahari ya Shamu. Wengi wa huko hawana lile doa jeusi, kwa hiyo ukiletewa auriga wa upande wa Jeddah asiye na doa, usidhani ni mgonjwa.

Msimamo wangu ni huu: matatizo mengi ya auriga tangini huanzia kwenye safari iliyomleta au kwenye maji aliyowekwa, na ugonjwa humkuta ameshachoka. Ndiyo maana humu dawa huja mwisho. Dawa iliyomwagwa kwenye maji mabovu humaliza samaki haraka kuliko ugonjwa wenyewe.

Kabla ya dalili yoyote: jinsi anavyoishi, na vipimo vitano

Baharini auriga anapatikana kuanzia Bahari ya Shamu na pwani yetu hadi Hawaii, kwenye miamba na vidimbwi vya ndani ya miamba, kina cha kama mita 1 hadi 35. Hutembea peke yake, wawili wawili au kwa makundi, na mchana kutwa anadonoa: minyoo ya bahari, anemoni, vipande vya matumbawe, mwani. Hufikia sentimita 23. Kwa hiyo anahitaji maji yenye hewa tele, nafasi ya kuogelea, na chakula kidogo kidogo siku nzima. Tangi la lita 200 linaweza kumfaa kwa miezi michache tu. Mahali pake ni lita 450 na zaidi.

Kila unapoona dalili, pima kwanza. Joto liwe kati ya nyuzi 24 na 27. Uzito wa maji ya chumvi, ukilinganishwa na maji matamu, uwe 1.023 hadi 1.025. Amonia na nitriti, sumu zinazotokana na uchafu wa tangini, ziwe sifuri, na pH, kipimo cha asidi ya maji, iwe 8.1 hadi 8.4. Amonia au nitriti ikisoma chochote juu ya sifuri, umeshapata tatizo la kwanza. Badili maji robo ya tangi, kisha ndipo uendelee kusoma. Na maji uliyochota ufukweni si salama kwa sababu tu ni ya bahari. Ukiyachota karibu na mto au bomba la maji machafu, hasa msimu wa masika, yanakuja na chumvi pungufu na uchafu. Yachote maji yakiwa yamejaa, mbali na mto, na yapime.

Hajala tangu aletwe

Hili ndilo lalamiko namba moja, na ndilo linaloua auriga wengi.

*Hofu na uchovu.* Siku mbili tatu za kwanza kutokula si ajabu. Zima taa za tangi siku ya kwanza, hakikisha kuna mapango ya mawe anayoweza kujificha, na punguza watu kupitapita mbele ya kioo. Kaa mbali umtazame. Akianza kudonoa mawe, hata kama humwoni akimeza kitu, yuko njiani kupona.

*Hakijui chakula unachompa.* Chakula cha vipande vikavu kinachoelea juu hakimwambii chochote samaki aliyezoea kuchokonoa mwamba. Mpe kitu anachokitambua. Nunua kombe au chaza wabichi sokoni, waoshe, wagandishe kwa siku kadhaa ili kupunguza vimelea, kisha fungua mmoja na umweke na nusu ya gamba lake juu ya jiwe, mahali penye mkondo mdogo ili harufu isambae. Utamwona akija kwa ubavu, akisimama kiasi cha shubiri moja, akiitazama nyama kwa jicho moja. Atarudi nyuma, atazunguka jiwe, kisha atakuja tena na kudonoa mara moja tu, kwa ghafla. Usimsogelee wakati huo. Samaki aliyedonoa mara moja atarudi kudonoa tena, mara nyingi ndani ya saa hiyo hiyo.

Ondoa mabaki baada ya saa tatu nne, la sivyo yatakuletea amonia. Akishazoea, mchanganyie kamba na ngisi waliokatwa vipande vidogo kuliko mdomo wake, kisha artemia na mysis (vijikamba vidogo vya kulishia samaki) waliogandishwa, na mwisho punje kavu zilizolowekwa. Mpe kidogo mara tatu hadi tano kwa siku, wala si mlo mmoja mkubwa wa jioni. Funga pia kipande cha mwani mkavu kwenye jiwe.

*Ananyanyaswa.* Kikande na kangaja wakubwa humfukuza mgeni kila anaposogelea chakula. Ukisimama mbele ya tangi wote hutulia wakikungoja uwalishe, kwa hiyo usiamini unachokiona hapo. Simama pembeni, au acha simu irekodi nusu saa. Kama anafukuzwa, mtenge ndani ya tangi hilo hilo kwa kisanduku cha plastiki chenye matundu kwa wiki moja. Wengine watamzoea, naye atakula kwa amani.

*Si auriga.* Hili linatokea zaidi ya watu wanavyodhani. Chaetodon vagabundus anafanana naye sana, ila hana unyuzi wala doa, na nyuma ana utepe mweusi. Huyo hana neno, mtunze vile vile. Hatari iko kwa jamaa zake wanaoishi kwa kula matumbawe hai: Chaetodon trifasciatus, Chaetodon trifascialis, Chaetodon meyeri, na Chaetodon zanzibarensis aliyepewa jina la Zanzibar. Hao mara nyingi hufa kwa njaa chakula kikiwa mbele yao. Linganisha picha kwa makini. Ukikuta umeuziwa mmoja wao, mrudishe muuzaji siku hiyo hiyo na umweleze kwa nini asiagize tena.

*Minyoo ya tumboni, au alivuliwa kwa sumu.* Kinyesi cheupe chembamba kinachoning'inia ni dalili ya minyoo. Sianidi, ambayo imetumika sana Ufilipino na Indonesia kulewesha samaki wa mapambo, haina kipimo cha nyumbani wala tiba. Kinga ni kumuuliza muuzaji samaki alivuliwa wapi na kwa wavu gani, na kumwomba amlishe mbele yako. Asiyekula dukani usimlipie, hata akipunguzwa bei. Chagua wa sentimita 8 hadi 12: wadogo wa sentimita 4 au 5 hukonda kabla hujajua la kufanya, na wakubwa ni wagumu kubadili mlo.

Simama hapa: siku tano hadi saba bila kula, tumbo limebonyea na nyama ya juu ya macho imeingia ndani. Mpigie daktari wa mifugo anayehudumia samaki. Usimlazimishe kula kwa bomba la sindano, utamchana koo.

Anahema mbiombio

Ongeza hewa sasa hivi, vipimo vifuate. Elekeza bomba la pampu juu ili maji yavurugike, weka pampu ya hewa, na kama huna, chota maji kwa jagi na uyamwage kutoka juu. Kisha hesabu mara ngapi mashavu yanafunguka kwa sekunde 15. Namba hiyo ina maana ukiwa na ya siku aliyokuwa mzima, kwa hiyo ihesabu leo akiwa salama na uiandike kwenye kioo.

*Hewa imepungua.* Umeme umekatika, au joto limepanda. Maji ya bahari yenye nyuzi 25 hubeba oksijeni kama miligramu 6.7 kwa lita. Kwa nyuzi 30 ni kama 6.2. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kwenye joto samaki mwenyewe anahitaji hewa zaidi, na bakteria wa kwenye mawe pia. Dar na Mombasa, kuanzia Desemba hadi Machi, tangi lililofunikwa kwa kioo hupita nyuzi 30 kirahisi. Ondoa kifuniko, weka wavu ili samaki asiruke, na puliza feni juu ya maji. Ongeza maji baridi yasiyo na chumvi kufidia yanayokauka. Chupa za barafu zilizofungwa zinafaa, ila usishushe zaidi ya nyuzi moja kwa saa. Nairobi shida ni kinyume: usiku hita ndiyo inayohitajika, na umeme ukikatika joto hushuka.

Kila mfuga samaki wa bahari huku kwetu awe na pampu ndogo ya hewa ya betri inayojiwasha umeme ukikatika. Hicho kifaa kimoja kinaokoa kuliko rafu nzima ya dawa.

Tahadhari: jenereta isiwashwe ndani ya nyumba wala barazani karibu na dirisha, moshi wake unaua watu wakiwa usingizini. Na usitie mkono ndani ya maji kabla ya kuzima vifaa vyote ukutani. Ukihisi mchomo wowote wa umeme majini, zima swichi kuu, usiguse tena, muite fundi umeme aliyesajiliwa.

*Amonia au nitriti.* Tangi jipya lisilokomaa, samaki aliyekufa nyuma ya mawe, chakula kilichozidi, au filta iliyooshwa kwa maji ya bomba yenye klorini. Kuna kosa moja linalojirudia sana: umeme umekatika saa sita, umerudi, filta ya kopo inawaka yenyewe na kusukuma maji yaliyooza ndani ya tangi. Baada ya kukatika kwa saa nyingi, ichomoe, imwage, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uiwashe.

*Ametoka kwenye mfuko.* Samaki aliyesafiri saa nyingi, tuseme Mombasa hadi Nairobi kwa basi, amekuwa akihema ndani ya mfuko uliofungwa. Hewa chafu imeshusha pH, na pH ikiwa chini amonia iliyomo haina makali sana. Ukifungua mfuko na kuanza kudondosha maji ya tangi taratibu kwa saa nzima, pH inapanda na ile amonia inakuwa sumu kali samaki akiwa bado ndani yake. Kwa safari ndefu, acha mfuko uliofungwa uelee juu ya maji dakika 15 hadi 20 joto lilingane, pima chumvi ya mfuko, andaa tangi la karantini lenye chumvi hiyo hiyo, kisha mtoe na umweke humo. Maji ya mfuko yamwagwe.

*Sumu chumbani.* Dawa ya mbu ya kupuliza, rangi ya ukuta, fukizo la mende. Pampu ya hewa huvuta hewa ya chumba na kuipeleka moja kwa moja majini. Fungua madirisha, hamishia pampu nje ya chumba, badili maji, weka mkaa maalumu wa filta.

*Vimelea vya mashavu.* Maji yamepimwa na ni safi, hewa iko, na bado anahema. Akifungua shavu moja na kufunga jingine, au akijikwaruza kwenye mawe, shuku minyoo bapa. Akisimama usoni mwa mkondo wa pampu bila kuondoka, akikwepa mwanga, shuku velveti. Soma sehemu inayofuata, na usichelewe: velveti huua ndani ya siku chache.

Ametoka madoadoa

Chukua tochi, ngoja taa za tangi zizimwe, mmulike kwa ubavu.

*Madoa meupe yanayoweza kuhesabika, ukubwa wa punje ya chumvi:* Cryptocaryon irritans, ugonjwa wa madoa meupe. Kimelea hukaa juu ya samaki siku 3 hadi 7, huanguka mchangani, hujifunika gamba, kisha hupasuka na kutoa watoto wengi wanaotafuta samaki. Dawa huwaua hao wanaoogelea tu. Ndiyo maana madoa hutoweka siku ya tano na mwenye tangi hushangilia, halafu wiki ya pili yanarudi maradufu. Kutoweka kwa madoa si kupona.

Matibabu hufanyika nje ya tangi kuu. Andaa tangi tupu lenye bomba za plastiki za kujificha, na uchague njia moja: dawa ya shaba, au maji yaliyopunguzwa chumvi hadi 1.009 kwa mwezi mzima. Shaba ipandishwe taratibu kwa siku kadhaa, ipimwe kila siku kwa kipimo cha dawa ile ile, na idumishwe kama lebo inavyosema. Vitatange huathirika na shaba iliyopandishwa ghafla; akiacha kula, punguza. Kwa chumvi ya chini, tumia refraktomita (kifaa cha kupima chumvi) iliyosawazishwa, kwa sababu ukikosea hadi 1.011 kimelea kinaishi. Usichanganye njia hizo mbili. Wakati huo tangi kuu likae bila samaki hata mmoja kwa wiki 10 hadi 11. Ni muda mrefu, na najua watu hukata tamaa wiki ya nne. Ukirudisha samaki wiki ya nne, uwezekano wa kuanza upya ni mkubwa.

Shaba isiguse tangi lenye matumbawe, kamba, konokono au mawe hai, yaani mawe ya mwambani yenye viumbe juu yake. Inaua viumbe hivyo, na mawe huinyonya na kuitoa baadaye.

*Utando mwembamba wa unga, rangi ya dhahabu au kijivu, usiohesabika:* velveti, yaani Amyloodinium ocellatum. Hapa chumvi ya chini haisaidii. Mpigie daktari siku hiyo hiyo, na shaba ndiyo atakayoanza nayo mara nyingi.

*Vivimbe vyeupe vigumu kwenye kingo za mapezi:* limfosisti. Ni virusi, inawapata sana vitatange waliosafiri, na haina dawa. Haihitaji dawa pia: maji safi na chakula bora, huondoka yenyewe kwa wiki au miezi. Inasikitisha kuona samaki wa namna hii wakitiwa shaba bure.

*Jeraha jekundu ubavuni, magamba yametoka, linapanuka kila siku:* inaweza kuwa Uronema, kimelea kinachoingia ndani ya nyama. Mtenge mara moja na usisubiri kesho. Hiki si cha kutibu kwa kubahatisha. Wewe mwenyewe vaa glavu, hasa ukiwa na kidonda mkononi. Kuna bakteria wa matangini, Mycobacterium marinum, wanaoingia kwenye ngozi ya binadamu na kuacha uvimbe unaochukua miezi kupona. Uvimbe wa namna hiyo kidoleni ukionekana, nenda hospitali na umwambie daktari kwamba unafuga samaki.

Jicho limefunga ukungu

Jicho moja: ameumia, kawaida kwa kugonga jiwe au wavu. Tumia chombo cha plastiki wakati wa kumkamata, badala ya wavu unaonasa miiba yake. Maji safi yanatosha kwa siku kadhaa.

Macho yote mawili: pima maji kwanza. Yakiwa safi, shuku minyoo bapa. Kipimo chake pia ni nafuu: mzamishe kwenye maji yasiyo na chumvi wala klorini, yenye joto na pH sawa na tangi na yanayopulizwa hewa, kwa dakika tatu hadi tano, ukiwa umesimama hapo hapo. Minyoo hugeuka myeupe na kudondoka chini ya ndoo. Akilala ubavu bila kujitahidi, mtoe hata kama dakika hazijaisha.

Tiba yake ni prazikwanteli, dawa ile ile tunayoijua kwa kichocho. Usisage vidonge vya hospitali na kuvimwaga tangini: vina viambato vingine, na dozi ya samaki huhesabiwa kwa lita za maji. Daktari wa mifugo akupe ya samaki, na pampu ya hewa ifanye kazi muda wote kwa sababu oksijeni hushuka wakati wa matibabu.

Anakula lakini anakonda

Mtazame kwa mbele. Auriga mwenye afya ana mgongo uliojaa. Aliyekonda ana mgongo mkali. Mara nyingi kisababishi ni mlo mmoja kwa siku, au artemia peke yake, ambaye hana lishe ya kutosha. Ongeza idadi ya milo na uchanganye kombe, kamba, ngisi na mwani. Wiki mbili tatu zikipita bila mabadiliko, ni minyoo ya ndani, na hiyo hutibiwa kwa dawa iliyochanganywa na chakula chini ya uangalizi wa daktari.

Usiku amepoteza rangi

Ni kawaida. Vitatange wengi hubadilika wakilala, rangi ikififia na mabaka ya giza kutokea. Asubuhi, nusu saa baada ya taa kuwaka, anapaswa kuwa mweupe na njano kama jana. Akibaki amefifia mchana, rudi kwenye vipimo.

Anakula matumbawe yangu

Hajaharibika, ndivyo alivyo. Auriga atadonoa anemoni, minyoo ya mirija na matumbawe mengi laini na magumu. Kwenye tangi la matumbawe hana mahali. Wapo wanaomnunua kwa ajili ya kumaliza Aiptasia, zile anemoni ndogo za kioo zinazoenea kila jiwe, na kweli wengi wao huzila. Ila akimaliza hizo ataendelea na unavyovipenda.

Tahadhari: usichemshe mawe hai ili kuua Aiptasia, wala usiyamwagie maji ya moto. Baadhi ya viumbe vinavyoota juu yake vina sumu iitwayo palitoksini, na mvuke wake umewahi kulaza hospitali familia nzima. Ukihisi ladha ya chuma mdomoni, kifua kubana au homa baada ya kusugua mawe, toka chumbani na wenzako wote, nendeni hospitali.

Wawili wanapigana

Mwambani unawaona wawili wawili wakitembea kwa utulivu, na muuzaji atakuambia ununue jozi. Jozi ya kweli ni ile iliyokamatwa pamoja na kukaa pamoja dukani. Wawili uliowaokota kutoka matangi tofauti mara nyingi watagombana. Waingize kwa wakati mmoja, au baki na mmoja. Mmoja anaishi vizuri.

Usiyemhitaji usimwachie baharini, hata kama alitoka pwani hiyo hiyo. Amechanganyika na samaki na maji ya nchi nyingine, na magonjwa yake atayapeleka mwambani. Mrudishe dukani au umpe mfugaji mwingine.

Unapompigia daktari

Uwe na haya mkononi: lita za tangi, vipimo vyote vitano, tarehe aliyoletwa, alichokula mara ya mwisho, dawa zote ulizotia, na video ya dakika moja akihema. Samaki aliyekufa muda si mrefu mweke kwenye friji, si kwenye friza, ili achunguzwe. Asiye na daktari wa samaki karibu aulize ofisi ya mifugo na uvuvi ya wilaya au ya kaunti. Tanzania wapo pia wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na pwani ya Kenya ipo taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi yenye makao Mombasa.

Mwambani siwaoni tena

Wazamiaji na wavuvi nao wana dalili yao: mahali palipokuwa na vitatange, sasa hapana.

Anza na mepesi. Ulikwenda lini? Wakati wa kusi maji huchafuka na macho hayafiki mbali. Ulikwenda saa ngapi? Jioni hujificha kwenye mianya. Rudi mchana, maji yakiwa safi, uogelee mstari ule ule.

Kisha angalia waliobaki. Kama auriga wapo lakini Chaetodon trifasciatus na jamaa zake wa kula matumbawe wametoweka, tatizo ni matumbawe yenyewe. Hivyo ndivyo ilivyotokea sehemu nyingi za Bahari ya Hindi Magharibi baada ya joto la 1998, na tena 2016: matumbawe yalipauka na kufa, na samaki wasio na chakula kingine ndio waliopungua kwanza. Auriga anakula vingi, kwa hiyo hustahimili, na hadi sasa hayumo kwenye orodha ya samaki walio hatarini duniani. Kama matumbawe yako hai lakini vitatange wakubwa tu ndio hawapo, uliza kama kuna wakusanyaji wa samaki wa mapambo wanaorudi eneo hilo hilo kila mara. Kama hakuna samaki wa aina yoyote, auriga, pono, changu wote, na chini kuna mashimo ya mduara yenye vipande vya matumbawe vilivyotawanyika, hapo palipigwa baruti.

Linganisha na mahali palipohifadhiwa kabla hujatoa hukumu: Chumbe kwa Zanzibar, Mafia, Kisite-Mpunguti, au Malindi na Watamu zilizotengwa tangu 1968. Andika idadi uliyoiona, tarehe, na mahali, uipeleke kwa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe) ya kijiji na kwa afisa uvuvi. Ukisikia mlipuko ukiwa majini, toka. Mshindo husafiri mbali ndani ya maji na huumiza mapafu na masikio. Na ukikuta chupa au kifurushi chenye utambi kisicholipuka, usikiguse wala usikipige teke kukigeuza. Weka alama kwa mbali, ondoa watoto, waite polisi.